Mpinzani Anaponyamaza: Nani Alaumiwe Mchezo Unapokwama?

Chini ya mti, mchezo wa bao haukwami kwa siri. Wachezaji wawili wameketi wakitazamana, na kati yao uko ubao wenye mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mmoja akikawia kucheza, mwenziwe humwona: anafikiri, au amegeuka kumwamkia mgeni, au ametambua kwamba ameshindwa na anatafuta sababu ya kuondoka. Watazamaji nao hawanyamazi. Humhimiza anayekawia, humtania, na pengine humwambia waziwazi kwamba amekwisha kufungwa. Ndivyo bao lichezwavyo Murangi, wilayani Musoma, na ndivyo lichezwavyo Butiama, alikozaliwa mwaka 1922 Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mapenzi yake kwa mchezo huo yalijulikana na wengi. Mahali hapo saa haihitajiwi, kwa sababu macho ya watu yanatosha.

Siku hizi mchezo umepata uwanja mwingine. Kijana wa Murangi mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kucheza sataranji, drafti au mchezo mwingine wa ubao na mtu aliye Mombasa, Muscat au Lyon, ambaye hajapata kumwona. Michezo mingine huchezwa papo kwa papo na kumalizika kwa dakika chache. Mingine huchezwa kwa zamu: mchezaji hufungua tovuti, huona alilofanya mwenziwe, hucheza mara moja, kisha huenda zake. Jibu laweza kuja baada ya saa moja au baada ya siku tatu. Mchezo wa namna hiyo huchukua wiki au miezi, na humfaa mtu mwenye shughuli nyingi. Hata hivyo, unao ugonjwa wake unaojulikana kwa kila aliyeucheza: zamu ya mpinzani hufika, naye hunyamaza. Siku hupita. Mchezo haujaisha, wala hauendelei.

Linalobishaniwa ni nini kifanywe. Wako wasemao kwamba mtu wa namna hiyo ni mtoro, anyang'anywe mchezo na jina lake litiwe alama ili wengine wamwepuke. Wako pia wasemao kwamba angojewe tu, kwa kuwa subira yavuta heri. Pande zote mbili zinakosea mahali pamoja, maana kila upande unadai kuijua maana ya ukimya. Sayansi ya mitandao inaonyesha kwamba aliye upande huu hawezi kukijua chanzo cha ukimya wa aliye upande ule. Kwa hiyo haki haiwezi kutafutwa baada ya mchezo kukwama. Hutafutwa kabla haujaanza, katika kuchagua muda wa kungoja. Na muda huo hauna budi kulingana na maisha ya yule mwenye njia mbovu kuliko wenzake.

Kukwama kwa ubao na kukwama kwa mchezaji

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili. Ubao wenyewe waweza kukwama. Katika bao, mchezaji husambaza kete shimo kwa shimo. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine, mara nyingi huendelea kusambaza. Kwa kawaida mwendo huo hukoma upesi. Lakini Mholanzi Alex de Voogt, aliyelichunguza bao la Zanzibar kwa miaka mingi, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2006 uchunguzi juu ya miendo ya bao isiyokoma, yaani ile ambayo kete zingezunguka daima bila zamu kumfikia mwenziwe.

Ugumu huo, ingawa unashangaza, una dawa. Namna za kupanga kete 64 katika mashimo 32 ni nyingi mno, lakini zina hesabu. Kwa hiyo mwendo usiokoma lazima utairudia siku moja hali iliyokwisha kupita, na tangu hapo utaendelea kuzunguka njia ileile. Kompyuta inayoweka kumbukumbu ya hali zilizopita huweza kutambua marudio hayo na kutangaza kwamba mwendo hautakoma. Ubao hauna siri, kwa kuwa kila kilichomo kinaonekana.

Mchezaji aliyenyamaza ni habari nyingine kabisa. Hali yake haimo ubaoni, na hakuna hesabu ya kete itakayoifichua.

Sababu nyingi, ukimya mmoja

Mchukuliwe mchezaji anayeishi kando ya Ziwa Victoria, mahali popote kati ya Musoma na Bunda. Anaponyamaza, sababu zaweza kuwa nyingi. Huenda umeme umekatika na simu haina chaji. Huenda kifurushi kimekwisha, na fedha iliyopo ni ya unga. Huenda ni mvuvi wa dagaa, ambaye hushinda majini usiku wa giza akivuta samaki kwa taa, hulala mchana, na hupata nafasi ya kucheza mwezi unapong'aa na mitumbwi inapopumzika. Huenda ni mwanafunzi wa sekondari aliyeanza michezo kumi wakati wa likizo ya Desemba, kisha Januari akarudi shuleni. Na shule nyingi nchini haziruhusu wanafunzi kuwa na simu.

Huenda pia sababu iko mbali sana na Mara. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika au kupotea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Aliyekuwa na zamu siku hiyo hakuwa na kosa lolote. Lakini saa ya mchezo inayohesabiwa na kompyuta iliyo Ulaya haikuhitaji intaneti ya Musoma ili iendelee kuhesabu.

Na huenda, hatimaye, sababu ni ile inayoshukiwa: ameona kwamba anashindwa, akaamua kumchosha mwenziwe. Watu wa namna hiyo wapo, wala haifai kujifanya kwamba hawapo. Ila kwa mtu aliye Lyon anayekitazama kioo cha simu yake, sababu hizi zote zina sura moja: zamu ya mpinzani, hakuna jibu.

Sayansi ya kungoja

Jambo hili si la michezo peke yake. Mwaka 1985 wanasayansi watatu, Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson, walichapisha uthibitisho mashuhuri kuhusu kompyuta zinazopelekeana ujumbe katika mtandao ambao hauahidi ujumbe utafika baada ya muda gani. Walithibitisha kwamba, ikiwa hata kompyuta moja tu yaweza kufa ghafla, hapana utaratibu wa hatua zilizopangwa bila bahati nasibu ambao utazihakikishia kompyuta zilizobaki kuufikia uamuzi mmoja kila mara. Kiini cha ugumu huo chaweza kuelezwa kwa maneno machache: kwa anayengoja, kompyuta iliyokufa na kompyuta inayokwenda polepole huonekana sawasawa. Zote mbili hazijibu.

Wahandisi hujitoa katika ugumu huu kwa kuweka kikomo cha kungoja. Simu inayopigwa na isipopokewa hukatika baada ya muda. Vivyo hivyo kompyuta inayongoja jibu kutoka kwa nyingine hungoja kiasi kilichowekwa, kisha huchukulia kwamba upande wa pili haupo. Neno la kuangaliwa hapa ni "huchukulia". Kikomo cha muda ni uamuzi unaofanywa ili kazi iendelee. Si ugunduzi wa ukweli. Kikiwa kifupi, walio hai huhesabiwa kuwa wamekufa. Kikiwa kirefu, walio hai humngoja aliyekufa. Hakuna urefu wa muda uwezao kuyaondoa makosa yote mawili.

Hapo ndipo lilipo kosa la wale wanaoharakisha kulaumu. Saa inapokwisha, kilichojulikana ni kwamba saa imekwisha. Tabia ya mchezaji haijajulikana.

Somo kutoka zama za posta

Michezo ya mbali ilikuwapo kabla ya kompyuta. Kati ya mwaka 1824 na 1828, klabu za sataranji za London na Edinburgh zilishindana kwa barua, na Edinburgh ikashinda. Shirikisho la kimataifa la sataranji ya posta, ICCF, liliundwa mwaka 1951. Mashindano yake yalikwenda polepole kiasi cha kushangaza: Olimpiadi yake ya kumi, iliyoanza mwaka 1987 na kumalizika mwaka 1995, ilimpa nafasi ya tatu mshiriki ambaye ni Ujerumani ya Mashariki, nchi iliyokuwa imekoma kuwapo tangu Oktoba 1990.

Watu hao waliozoea kungoja walikuwa na kanuni mbili zenye hekima. Ya kwanza: siku ambazo barua ilikuwa njiani hazikuhesabiwa katika muda wa mchezaji. Kila mmoja aliandika tarehe aliyopokea kadi na tarehe aliyoijibu, na mhuri wa posta ukawa shahidi. Hivyo aliyeishi mbali na posta hakuadhibiwa kwa umbali wake. Ya pili: mpinzani akinyamaza, hakuhukumiwa papo hapo. Aliandikiwa ukumbusho, kisha ukumbusho mwingine kwa barua ya rejista, ndipo msimamizi wa mashindano akaarifiwa.

Tovuti za leo zimeupoteza mpaka kati ya muda wa kufikiri na muda wa njia. Saa huanza kwenda mara tu mpinzani anapocheza, hata kama habari haijamfikia mwenye zamu. Ni kweli kwamba tovuti nyingi hutuma ukumbusho. Lakini ukumbusho huo hupita katika mtandao uleule uliokatika. Aliye penye mtandao imara haoni tofauti. Gharama yote humwangukia aliye penye mtandao dhaifu, naye ndiye huishia kuitwa mtoro.

Kwa nini saa isisimamishwe mtandao unapokatika? Pingamizi ni la haki, na lazima lijibiwe. Kompyuta ya tovuti haiwezi kutofautisha simu iliyokosa mtandao na simu iliyozimwa makusudi. Saa ingesimama kila mtandao unapokatika, kila anayekaribia kushindwa angezima simu yake, na hakuna mchezo ambao ungekwisha. Mhuri wa posta ulikuwa shahidi wa tatu asiyependelea upande wowote. Intaneti haina shahidi wa namna hiyo ambaye mchezaji wa kawaida anaweza kumwita. Basi nafuu haiwezi kutolewa katikati ya mchezo. Hapana budi iwekwe ndani ya muda wenyewe tangu mwanzo.

Kuchagua muda kwa hesabu

Muda huweza kuwekwa kwa njia mbalimbali, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzipima mwenyewe. Chukua mchezo ambao kila mchezaji hucheza mara 40. Njia ya kwanza ni kumpa kila mmoja siku 3 kwa kila zamu. Mchezo huo waweza kuchukua hadi siku 3 × 40 × 2, yaani siku 240, au takriban miezi minane. Hata hivyo, mtu aliyejibu upesi mara 30 mfululizo atapoteza mchezo akikosa mtandao kwa siku nne tu. Wepesi wake wote wa nyuma haukumwekea akiba yoyote.

Njia ya pili ni akiba. Kila mchezaji huanza na siku 7, na kila anapocheza huongezewa siku 1. Hawezi kutumia zaidi ya siku 7 + 40, yaani 47. Na wote wawili hawawezi kuzidi siku 94. Mchezo umefupishwa sana. Na bado, mchezaji aliyetumia wastani wa nusu siku kwa kila moja ya zamu 10 za kwanza atakuwa amebakiwa na siku 7 + 10 − 5, yaani 12. Mnara wa simu ukiharibika kwa wiki nzima, hataangamia. Wazo hili la kuongeza muda kwa kila hatua lilisajiliwa kama hataza nchini Marekani mwaka 1989 na Robert Fischer, bingwa wa zamani wa sataranji duniani, ambaye hahusiani na yule Fischer wa uthibitisho wa mwaka 1985.

Kwa wachezaji wa Mara na mahali pengine penye mtandao wa kusitasita, njia ya pili ndiyo iliyo bora. Humlipa mwaminifu kwa uaminifu wake, na humwekea mlegevu kikomo kilicho wazi. Njia mbaya kuliko zote ni kutoweka saa kabisa. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa na Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, huwaruhusu wachezaji kuchagua kati ya siku 1 na 14 kwa kila hatua, na pia kucheza bila kikomo. Anayechagua kutokuwa na kikomo huonekana mpole, kumbe anaandaa ugomvi; maana ngoja ngoja huumiza matumbo.

Meza ikiwa na watu wengi, uzito wa jambo huongezeka. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba uwezekano wa kila mchezaji kunyamaza kabla mchezo haujaisha ni 5 katika 100, na kwamba hakuna anayemwathiri mwenziwe. Kwa watu wawili, uwezekano wa mchezo kukwama ni 1 − 0.95², yaani karibu 10 katika 100. Kwa watu watano ni 1 − 0.95⁵, yaani karibu 23 katika 100; na hapo mmoja huwazuia wanne. Kwa hiyo katika michezo ya wengi kumwondoa aliyenyamaza muda wake ukiisha ni lazima, ili wengine wasifungwe kwa kosa lisilo lao.

Kupoteza mchezo si kupoteza heshima

Muda uliokubaliwa ukiisha, sheria ifuatwe bila kusitasita wala kuombana radhi. Anayeichukua haki yake kwa saa hajafanya hila. Hata hivyo, sheria nzuri huutazama pia ubao. Katika kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, aliyeishiwa muda hupoteza mchezo. Lakini mpinzani wake akiwa hana kete zinazoweza kwa njia yoyote kumfunga mfalme, matokeo ni sare. Huo ni mfano wa saa inayoheshimu ukweli wa ubao.

Jambo la heshima ni tofauti. Ziko tovuti, kama Board Game Arena iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2010, ambazo huweka kipimo cha sifa ya mchezaji, nacho hushuka anapoacha michezo. Kipimo hicho kina faida yake, kwa kuwa huwalinda wengi dhidi ya mwenye mazoea ya kutoroka. Lakini kipimo husema mara ngapi mtu ameacha. Hakisemi kwa nini. Msomaji wa kipimo asikidai zaidi ya kinachoweza kutoa. Aliyeacha mchezo mmoja mwezi Mei 2024 na aliyeacha michezo ishirini, kila mara alipokuwa akishindwa, hawawezi kuwekwa kapu moja.

Wajibu wa anayeondoka

Ikiwa ukimya hauelezi sababu yake, basi mwenye sababu ndiye apaswaye kuieleza angali na nafasi. Hapa wachezaji wa nchini hawana kisingizio. Umeme haupigi hodi, lakini tarehe ya kufungua shule hujulikana. Mwanafunzi anayerudi shuleni Januari au Julai ahesabu siku zilizobaki kabla hajaanzisha mchezo. Michezo isiyoweza kumalizika, amwombe mpinzani sare, au akubali kushindwa, au amwandikie sentensi moja ya kuaga. Tovuti zenye utaratibu wa likizo, autumie. Mvuvi naye azijua nyakati zake za mwezi. Ahadi ni deni, na kuanzisha mchezo ni kuahidi kuumaliza.

Jaribio la darasani

Mwalimu anaweza kulifundisha jambo hili bila simu wala kompyuta. Darasa ligawanywe makundi mawili katika vyumba viwili, kila kundi likiwa na ubao wake wa drafti uliopangwa sawa. Mwanafunzi mmoja awe mjumbe wa kupeleka vikaratasi vyenye hatua zilizochezwa. Baada ya hatua chache, mwalimu azuie kikaratasi kimoja kwa siri. Safari nyingine amchelewesha mjumbe. Safari nyingine aliambie kundi moja lisijibu makusudi. Kila mara kundi linalongoja liandike linadhani nini kimetukia. Mwishoni majibu yalinganishwe na ukweli.

Wanafunzi wataona kwamba walikisia, na kwamba waliokisia kwa hasira hawakukisia vyema kuliko wengine. Kisha wapewe kazi ya kutunga kanuni ya muda ambayo makundi yote mawili yangeikubali kabla ya kujua ni nani atakayecheleweshewa mjumbe. Kanuni watakayoitunga katika hali hiyo haitakuwa mbali na haki, kwa kuwa kila mmoja ataitunga akijua kwamba huenda yeye mwenyewe ndiye atakayeshindwa kujibu.